Dada Hakurudi Baada ya Krismasi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka katika nyumba zilizobaki bila dada wa kazi tangu sikukuu, na nyingine chache zimetoka kwa wadada wenyewe. Nimechagua nne. Majina nimeyaondoa, na baadhi ya barua nimezifupisha.

Shangazi,

Mimi ni muuguzi, ninaishi Tabata na nina watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo siku nyingi hayupo. Dada wetu wa kazi alitoka Makambako na tumekaa naye miaka mitatu bila ugomvi. Desemba aliomba kwenda kwao kula Krismasi. Nikampa ruhusa ya wiki moja kama kila mwaka, nikamlipia nauli, nikamnunulia gauni, na mama yake nikamfungia kitenge na sukari. Sasa ni mwezi wa pili, hajarudi, na simu yake haipatikani. Mtoto wangu wa mwisho anamuulizia kila jioni. Kinachoniuma ni kwamba tulimchukua kama mwanetu: alikula tulichokula, hakupigwa, na mshahara wake wa 80,000 haukuchelewa hata mwezi mmoja. Kazi zenyewe si nyingi. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri kuwaandaa wakubwa kwa ajili ya basi la shule, mchana anapumzika mdogo akilala, na usiku tukishakula anaosha vyombo na kufikia saa nne amekwisha kulala. Mabinti wa siku hizi hawana shukrani. Je, sheria inasemaje kuhusu mfanyakazi anayeondoka bila kuaga, na huyo mwingine nitakayemleta nimshike vipi asinikimbie?

Mama Watatu, Tabata

Mama Watatu, pole, na pole zaidi kwa huyo mdogo anayeulizia jioni, maana yeye ameachwa bila kosa lolote.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara na inayomhesabu mfanyakazi wa nyumbani kuwa mfanyakazi kama wengine, inazitaka pande zote mbili zipeane taarifa kabla ya kuachana, na kwa anayelipwa kwa mwezi taarifa hiyo ni ya siku 28. Ni kweli, basi, kwamba dada yako alipaswa kukuaga na hakukuaga. Lakini ukilifikisha jambo hili kwa msuluhishi, utaulizwa kwanza uko wapi mkataba wa maandishi, kisha utaulizwa likizo yake ya mwaka alikuwa akiichukua lini, kwa sababu sheria hiyohiyo inampa siku 28 mfululizo zenye malipo, na wewe umeniandikia kwa mkono wako kwamba kila mwaka ulikuwa ukimpa wiki moja. Sikushauri ulifungue faili hilo.

Badala yake chukua kalamu tuhesabu pamoja. Kutoka saa kumi na nusu alfajiri hadi saa nne usiku ni saa 17 na nusu. Tuondoe saa mbili za mchana ambazo mdogo amelala, ingawa mtu anayemchunga mtoto aliyelala bado yuko kazini, kwani mtoto akiamka na kulia hakuna mwingine wa kumbeba. Zinabaki saa 15 na nusu. Hukunitajia siku ya mapumziko hata moja, kwa hiyo nazidisha kwa saba na kupata saa 108 na nusu kwa wiki, wakati sheria inaweka saa 45 za kawaida, inakataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku hata akilipwa ziada, na inaamuru mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Ukiugawa ule mshahara wa 80,000 kwa saa zote za mwezi mzima, saa moja ya dada yako inapata kama shilingi 170, ambazo hazinunui hata andazi la mia mbili pale kwenye kona ya mtaa wenu.

Najua utaniambia kwamba 80,000 ni zaidi ya kima cha chini kilichowekwa mwaka 2022, na utakuwa umesema kweli. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimpangia dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida shilingi 60,000 kwa mwezi, na yule anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni ikampangia 120,000. (Viwango hivi hupitiwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo ulizia ofisi ya kazi kilichopo sasa.) Mimi amri ile nimeisoma mara kadhaa na kila mara inanikwaza mahali pamoja. Anayelala ndani alipewa nusu, kana kwamba ugali na godoro vimekwisha kulipa nusu ya pili, ilhali kulala huko ndani ndiko kunakomfanya apatikane saa kumi alfajiri mtoto akitapika na saa sita usiku baba akigonga geti. Ukisoma zaidi utakuta kwamba dada wa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa alipangiwa 250,000, na wa ofisa wa serikali anayestahili kuwa na mtumishi 200,000. Sakafu ni ileile na dekio ni lilelile. Kilichopimwa pale ni hadhi ya mwenye sakafu, wala si jasho la anayeideki.

Sasa nije kwenye maneno yako "kama mwanetu". Siyachukulii kuwa uongo, kwa sababu kwetu mtu haingii nyumbani bila kupewa jina la ukoo, na mimi mwenyewe hapa naitwa shangazi na watu ambao hatujawahi kuonana. Lakini jaribu kulipima neno hilo kwa mambo madogo. Binti yako mkubwa analala wapi, na dada alikuwa akilala wapi? Mwanao akiumwa kichwa anaambiwa alale. Dada akiumwa kichwa alikuwa akimeza vidonge na kuendelea na nguo zilizoko kwenye beseni, au alikuwa akilala? Mwanao akiomba Jumapili kwenda kumwona shangazi yake Mbagala, anajibiwa nini?

Kabla sijasoma na kupata kazi hii, nilikaa miaka minne katika nyumba ya watu. Walikuwa watu wema. Sikuwahi kutukanwa, na nyama ilipogawanywa nami nilipata kipande. Kikombe changu, hata hivyo, kilikuwa cha plastiki ya kijani, na chini yake mama mwenye nyumba alikuwa ameweka nukta ya rangi nyekundu ya kucha ili kisichanganyike na vya wenyewe. Hakuna aliyenieleza maana ya ile nukta, wala sikuhitaji kuelezwa, kwa kuwa vyombo vyote nilikuwa naviosha mimi. Kila asubuhi nilikuwa nakigeuza kile kikombe na kuikuta imefifia kidogo zaidi, hadi siku moja nikakuta imepakwa upya.

Simaanishi kwamba wewe unaweka nukta. Ninachosema ni kwamba undugu wa nyumbani mara nyingi humfikia dada katika kutumwa na humkosa katika kugawana. Akiwa mwana hadai mshahara wala hahesabu saa. Akiwa mfanyakazi hakai sebuleni wageni wakija. Wengi wao wamebebeshwa yote mawili kwa pamoja, na kwa kuwa hawana lugha ya kukuambia hivyo uso kwa uso bila kuonekana watovu wa adabu, hungoja ruhusa ya Krismasi, wakapanda basi, wakazima simu. Huko kuzima simu ndiko kuaga kwao.

Wala sikuhukumu peke yako. Zamu yako inaanza asubuhi mapema, mwajiri wako hana mahali pa kulea watoto, basi la shule linapita kabla ya jua, na mshahara wa muuguzi haujapangwa kwa kufikiria kwamba ndani yake utatoka mshahara wa mtu mwingine. Kazi ya kuwalea watoto wa mji huu wameachiwa wanawake wawili wailipane wenyewe, mmoja mwenye kidogo na mwingine asiye na kitu, na wanaofaidika na kazi za wote wawili hawaonekani popote katika hesabu hiyo. Hata hivyo, kati yenu wawili, mwenye uwezo wa kubadilisha jambo kesho asubuhi ni wewe.

Kwa huyo atakayekuja, usitafute namna ya kumshika. Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, msomeane, mtie sahihi nakala mbili, moja aichukue yeye. Mtaje saa ya kuanza na ya kumaliza. Kama ni lazima aamke saa kumi na nusu, basi mchana awe na saa tatu kamili ambazo si zako, na jioni wale watoto wakubwa waoshe vyombo, kwani mikono wanayo. Jumapili iwe yake tangu asubuhi, na asiulizwe anakwenda wapi zaidi ya unavyomuuliza mtu mzima yeyote. Mshahara uingie kwenye simu yake, kwa laini yenye jina lake. Mahali pa kulala pawe na mlango unaofungwa kwa ndani. Kama fedha haitoshi kuongeza mshahara, punguza saa, au tafuta jirani mmoja mwenye watoto wa umri huo mshirikiane kumlipa dada mmoja wa mchana anayerudi kwake jioni. Na yule wa Makambako, ukiweza kumpata kupitia mama yake, mtumie ujumbe wa salamu bila lawama, umruhusu mdogo azungumze naye.

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 19, nafanya kazi za ndani Sinza. Nililetwa na mama mdogo kutoka Kondoa na tulikubaliana mshahara wa 70,000. Sasa ni mwezi wa 14. Mama mwenye nyumba anasema ananitunzia ili nisiuchezee, nitachukua zote nikiondoka. Nimepewa 100,000 nilipofiwa na bibi, na 50,000 wakati wa Idi. Juzi blenda ilianguka ikavunjika, naye akasema inauzwa 180,000 na ataikata kwenye fedha zangu. Nikimuuliza zimebaki ngapi anasema sina imani naye. Mkataba sina. Naandika kwa simu ya rafiki yangu wa dukani. Nikienda kushtaki atanifukuza na nitalala wapi?

Binti wa Kondoa

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilikuwa na kalamu.

Miezi 14 kwa 70,000 ni 980,000. Umepokea 150,000. Unadai 830,000, na tarakimu hiyo uiandike leo kwenye daftari, pamoja na tarehe uliyoanza kazi, tarehe ulizopewa zile fedha mbili, na siku blenda ilipovunjika. Daftari hilo lisikae humo ndani. Mwachie huyo rafiki yako wa dukani.

Habari ya kutunziwa mshahara nimeisikia tangu nikiwa msichana, na sijawahi kuona daktari au mwalimu akitunziwa wake na bosi ili asiuchezee. Sheria inataka mshahara ulipwe kwa mfanyakazi mwenyewe katika siku mliyokubaliana. Haumpitii mama mdogo, wala haufungiwi kabatini. Hata kama nia yake ni njema, akifilisika au mkigombana wewe ndiwe utakayeanza kuthibitisha kile ambacho kilipaswa kuwa mkononi mwako.

Kuhusu blenda, mwajiri hana ruhusa ya kukata tu. Anapaswa kukuonyesha kwamba hasara ilitokea kazini kwa uzembe wako, akuandikie sababu na hesabu yake, akupe nafasi ya kuipinga, na wewe ukubali kwa maandishi. Na hata hapo makato hayo yasizidi robo ya mshahara wako, ambayo kwa 70,000 ni 17,500. Wala hawezi kukudai zaidi ya hasara yenyewe: blenda iliyotumika miaka kadhaa haina thamani ya mpya iliyoko dukani. Kwa hiyo ukiletewa karatasi usiyoielewa, usitie sahihi wala dole gumba.

Kukosa mkataba kusikutishe. Jukumu la kuandika masharti ya kazi sheria imempa mwajiri, na akishindwa kuonyesha maandishi mbele ya wasuluhishi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unamwangukia yeye. Watu wengi, wakiwemo waajiri waliosoma, hawajui hilo.

Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu huiita CMA. Huko unajaza fomu bila kulipa chochote, na mnaitwa nyote wawili mkae na msuluhishi. Angalia muda: malalamiko ya kuachishwa kazi yanapokelewa ndani ya siku 30, na mengine, kama haya ya mshahara, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, kwa hiyo usiseme utangoja hadi Idi nyingine. Kabla ya kwenda, tafuta ofisi ya CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachowahusu pia wa majumbani. Wamezoea kesi za namna hii na wanaweza kukusindikiza. Kama ungekuwa Mwanza ningekuelekeza WoteSawa, ambao kazi yao hasa ni mabinti wa kazi za ndani.

Swali lako la mwisho ndilo zito, na si la kisheria. Anayelala mahali pa kazi akigombana na mwajiri anapoteza vyote viwili kwa usiku mmoja, na mwajiri analijua hilo hata asipolisema. Ndiyo maana nakuomba upange pa kulala kwanza: mama mdogo aliyekuleta ana wajibu kwako, na kama yeye ndiye anayekula sehemu ya fedha hizo, basi yupo huyo rafiki wa dukani au mwanamke mmoja wa msikitini unakosali. Ukipata mahali, hata pa wiki mbili, zungumza na mama mwenye nyumba kwa heshima mbele ya mtu wa tatu, kwa mfano mwenyekiti wa serikali ya mtaa, umtajie hesabu ya 830,000 na umwombe akuandikie lini atalipa. Wengi hulipa hapo, kwa kuona haya mbele ya jirani. Asipolipa, uende CMA na daftari lako. Kama kuna siku atakupiga, au mwanamume wa nyumba hiyo atakugusa, hapo hakuna cha kupanga: toka uende dawati la jinsia katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Mwanangu,

Mimi ni mzee wa Ilala, nasoma safu hii kwa miwani ya mjukuu. Wakati wa ujana wetu kazi za ndani zilikuwa za wanaume. Mimi nilikuwa boi kwa Mzungu mmoja Oysterbay, nikipika na kupiga pasi, na nilioa na kujenga kwa kazi hiyo. Ilikuwaje zikawa za mabinti wadogo? Na Azimio la Arusha si lilisema matabaka yamekwisha?

Mzee wa Ilala

Shikamoo mzee wangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa kuwa watu wengi waliozaliwa baada ya uhuru wanadhani kudeki ni kazi ambayo Mungu aliwaandikia wanawake.

Ni kama ulivyosema. Katika Dar es Salaam ya ukoloni, iliyogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, mpishi, dobi na boi kwa kawaida walikuwa wanaume, na nyuma ya nyumba za Oysterbay bado vipo vile vyumba vya uani walivyokuwa wakilala. Walikuwa pia watu wenye sauti: katika miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa mji huu walikuwa na chama chao. Baada ya uhuru wanaume walipata milango mingine, viwandani, bandarini, maofisini, na waajiri nao wakabadilika. Hakuwa tena Mzungu pekee mwenye bajeti ya watumishi watatu. Sasa alikuwa karani, mwalimu, na baadaye mke aliyeajiriwa. Mshahara wa mtu mmoja ulipozidi kupungua thamani katika miaka ya 1980, na wanawake wa mjini wakatoka kutafuta riziki, ilihitajika mikono ya bei nafuu zaidi ya boi mwenye mke na watoto. Mikono hiyo ilipatikana Iringa, Singida, Dodoma na Tanga, kwa mabinti ambao hawakuwa na cha kujadiliana. Kazi yenyewe haikubadilika hata kidogo, mzee. Ilibadilika jinsia ya anayeifanya, na umri wake, na malipo yakashuka pamoja nao.

Kuhusu Azimio la mwaka 1967, lilisema kwamba nchi ya kijamaa haina tabaka la chini linaloishi kwa jasho lake na la juu linaloishi kwa jasho la wengine. Liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na kupangisha nyumba. Lakini lilisimama getini. Nani anapika ndani ya nyumba ya kiongozi, na kwa shilingi ngapi, hilo liliachwa kuwa jambo la familia, na hadi leo ni vigumu kumshawishi mtu kwamba jiko lake ni mahali pa kazi pa mwenzake. Nchini Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, na neno mtumwa tukalikimbia. Mtumishi, ambalo ni la shina lilelile la kutuma, tukabaki nalo, na siku hizi vijana wamelibadilisha kuwa "beki tatu" na kucheka. Wewe ulivuka mji kutoka Ilala kwenda kulikuta tabaka la juu Oysterbay. Binti wa leo havuki mji. Mpaka wa matabaka unapita kati ya jiko na sebule ya nyumba ileile ya Tabata.

Mkataba wa kimataifa kuhusu kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani, Namba 189, ulipitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011, na tangu hapo tarehe hiyo ndiyo siku yao duniani. Ukipata nafasi mwaka huu, nenda ukawasimulie habari za kile chama cha wapishi na madobi. Sidhani kama kuna aliyewahi kuwaambia.

Shangazi,

Niko Singida kijijini, mjane, nina watoto watano. Binti yangu wa miaka 13 amemaliza darasa la saba na amechaguliwa kidato cha kwanza. Amekuja mama mmoja kutoka Dar es Salaam, ni ndugu wa jirani yetu, anamtaka akamsaidie mtoto mchanga. Atakuwa ananitumia 40,000 kila mwezi, na baada ya miaka miwili atamnunulia cherehani na kumpeleka kusomea ushonaji. Sare ya shule sina, na daftari sina. Nimpe?

Mama wa Singida

Mama, usimpe.

Sikuambii hivyo kwa sababu sijui maana ya 40,000 kwako. Najua ni unga, ni sabuni, ni mchango wa shule wa hao wanne wanaobaki. Lakini mtoto wa miaka 13 hakuna sheria ya nchi hii inayoruhusu aajiriwe. Umri wa chini ni miaka 14, na hata hapo ni kwa kazi nyepesi isiyomzuia kusoma, wala haruhusiwi kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto mchanga ambaye binti yako ataitwa kumsaidia huamka saa hizohizo.

Cherehani hiyo naifahamu. Nimeahidiwa mimi, wameahidiwa wenzangu, na kati ya niliofahamiana nao sikumwona aliyeipata. Miaka miwili ikikaribia huzuka kosa, sukari imepungua au shilingi elfu kumi imepotea mezani, na binti hurudishwa stendi na mfuko wa nguo.

Ada ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu Januari 2016, kwa hiyo kinachokukwamisha ni sare, daftari na chakula, na hayo yana watu wa kuombwa. Nenda kwa mkuu wa shule aliyopangiwa kabla ya siku ya kuripoti, umweleze hali yako bila kuona haya, umwombe aanze na sketi aliyonayo. Walimu wengi hukubali mtoto awepo darasani kwanza. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji uulize kama kaya yako imo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, kwa sababu ruzuku yake hufungamana na watoto kuhudhuria shule, na mjane mwenye watoto watano ana haki ya kuuliza kwa nini hayumo.

Huyo mama wa Dar es Salaam mjibu kwa adabu kwamba binti ana shule. Akisisitiza, au mtu mwingine wa kijijini akitaka kumsafirisha bila wewe kujua, piga 116, ambayo ni simu ya bure ya kutoa taarifa za watoto, kutoka mtandao wowote. Na ukiniandikia jina la shule na ukubwa wa sare, kuna wasomaji wawili wa safu hii ambao wamekwisha kuniuliza kama kuna mtoto wa kumshonea.